Kushikiza Blanketi la Papa André

Asubuhi moja ya Juni, Agnès alitoka nje kuwasha moto wa chai. Baridi ilikuwa kali. Alitazama mahali pa kupikia. Mbabula, jiko lao la makaa, haikuwepo.

"Syntiche! Nani amekamata mbabula?"

"Si miye, mama," alijibu binti yake kutoka ndani. "Labda nkambo."

Agnès alikwenda mbio hadi kwenye chumba cha baba yake, huyo nkambo wa watoto. Akasukuma mlango. Papa André alikuwa ameketi kitandani, koti mwilini, kofia kichwani. Mbabula ilikuwa kati ya miguu yake, imejaa makaa mekundu.

"Baba! Mbabula mu chumba?"

"Niko nasikia baridi, Agnès."

"Na kichwa? Hakiumi?"

Mzee aligusa paji la uso. Kisha akasema, "Kinauma kiloko, kidogo tu."

Agnès hakuomba ruhusa. Alishika mbabula kwa kitambaa, akaitoa nje, akarudi kufungua dirisha wazi kabisa. Kioo kimoja cha dirisha hilo kilivunjika zamani, na hakuna aliyekitengeneza.

"Unaona ile tundu?" alisema. "Njo hiyo imekuokoa. Makaa inaua muntu, baba. Haina moshi, haina harufu, lakini inaua. Unalala, hauamuke tena."

"Ku reli tulikuwaka na mbabula mu vibanda."

"Vibanda vyenu vilikuwa na matundu kila fasi. Hapa ni nyumba."

"Basi nipe bulangeti yenye kuwa nzito," alisema mzee. "Ama unirudishe Kabalo. Kule kuna joto."

Baba yake alisema kweli. Alikuwa amefanya kazi ya kutandika reli maisha yake yote, kule Kabalo, ambako watu hulala bila blanketi. Mkewe, Mama Philomène, alipofariki mwaka uliopita, mzee alikuja kuishi kwa Agnès hapa Lubumbashi, katika kata ya mji iitwayo komini ya Kenya. Hakuzoea baridi ya huku. Na blanketi lake lilikuwa limefuliwa mara nyingi mno. Ukilinyanyua juu, unaona mwanga upande wa pili.

Siku hiyo Agnès alifikia uamuzi. Atamshonea baba yake blanketi la vipande, na atalimaliza kabla baridi haijazidi. La sivyo, mzee ataingiza tena mbabula chumbani siku ambayo hakuna anayeona.

Vitambaa vilikuwepo. Mama Philomène aliacha vikwembe vizuri, vitenge vyake vya kujifunga. Katika ukoo wao, vikwembe vya marehemu hugawanywa kati ya dada zake. Lakini Tantine Nono, mdogo wa marehemu, alikubali kumwachia Agnès vichache.

"Nitakuja kwa misa ya mwaka ya marehemu," alisema siku ya kugawana. "Nitaangalia kama umebifanyia kitu ya maana, ao umebipangusia meza."

Tantine Nono ni mtu wa namna hiyo.

Agnès alikata vikwembe vipande vya mraba. Syntiche alivipanga sakafuni. Papa André alikaa kwenye kiti na kutazama.

"Hii ni ya ubatizo wako," alisema, akionyesha kipande chekundu. "Hii ni ya ba mamans catholiques, bamama ba kanisa, sikukuu ya parokia. Na hii ya njano yenye majani, alikuwa nayo siku ya kwanza nilimuona. Alikuwa anauzisha samaki ku stesheni. Nilinunua samaki, na sikuwa na fasi ya kuipika."

"Nkambo, ulinunua samaki bure!" Syntiche alicheka.

"Haikuwa bure. Mama yako alizaliwa."

Agnès aliunganisha vipande kwa mashine yake ya miguu. Vikawa kitambaa kimoja kikubwa, kizuri sana. Sasa alikuwa na matabaka matatu. Juu, vikwembe. Katikati, lile blanketi la zamani, lililokunjwa mara mbili. Chini, shuka jipya. Ilibaki kuyashona yote pamoja.

Aliyaweka chini ya sindano, akaanza kukanyaga mashine.

Haikwenda vizuri. Mashine ilivuta shuka la chini. Kitambaa cha juu kikasukumwa mbele. Blanketi la katikati likakunjamana. Agnès alipogeuza kazi yake, upande wa chini ulikuwa na mikunjo kama uso wa mtu aliyekasirika. Akafumua mshono wote.

"Zinateleza," alisema. "Nguo tatu, na kila moja inaenda njia yake."

"Zibandike," alisema Papa André.

"Na nini?"

"Na gundi ya bunga. Ku stesheni tulikuwa tunapika bunga ya muhogo, tunabandika matangazo ku ukuta. Mvua inanyesha, tangazo iko pale pale. Unabandika nguo, unashona, unafua. Gundi inatoka."

Agnès alifikiri. Hakuwa na wazo lingine, na alikuwa na haraka. Akapika gundi. Akaipaka kati ya matabaka, akabandika, akatundika kazi yake juu ya viti viwili chumbani ili ikauke.

Lakini baridi haikuacha gundi ikauke haraka. Siku iliyofuata, nguo ilikuwa bado na unyevu na harufu ya uchachu. Siku ya pili, kingo zilikuwa zimekauka na kuwa ngumu kama katoni. Agnès alijaribu kushona. Sindano ya mashine ikavunjika. Akaweka nyingine. Nayo ikavunjika. Akasema neno ambalo Syntiche hakutakiwa kulisikia, akaacha kazi juu ya viti.

Asubuhi, Syntiche aliita. "Mama! Kuya uangalie!"

Panya walikuwa wamekuja kula unga. Walikuwa wametafuna pembe moja ya kitambaa. Kile kipande cha njano chenye majani kilikuwa na shimo linaloweza kupitisha ngumi.

Papa André alishika kile kipande, akapitisha vidole kwenye shimo.

"Ni miye nilisema gundi," alisema polepole.

"Ni weye ulisema, na ni miye nilipika," alijibu Agnès. "Panya amekula ya bote wawili."

Mzee hakucheka. Alirudi chumbani, akavaa koti lake, akaketi kitandani. Agnès alimwona akitazama nje, upande wa mbabula.

Wakati huo jirani yao aliingia kwenye lupango, ule ua wa nyumba. Watu humwita Mama Séphora, kwa jina la binti yake wa kwanza. Ni mfanyabiashara kutoka Butembo, huko Kivu ya Kaskazini, na huuza vitambaa na nyuzi kwa jumla kwenye soko la Kenya. Alisimama mlangoni na kunusa.

"Mama Syntiche, unapika bukari ya bunga mu chumba cha kulala?"

"Angalia mwenyewe," alisema Agnès, akamwonyesha.

Mama Séphora aligusa nguo ngumu. Akaigonga kwa kidole. Ilitoa sauti kama mlango.

"Eh! Hii ni bulangeti ao ni meza?"

"Usinicheke. Ni bikwembe bya mama yangu."

Mama Séphora akaacha kucheka. "Pole. Basi tuiokoe. Gundi ya bunga inatoka mu maji. Leta beseni. Maji ya vuguvugu, isiwe ya moto. Maji ya moto itapika bunga tena."

Waliloweka nguo. Baada ya muda, matabaka yaliachana yenyewe, bila kuvutwa. Unga ukatoka, maji yakawa meupe. Walisuuza mara kadhaa, wakaanika juani. Rangi za vikwembe hazikuchuja. Kila kitu kilipona, isipokuwa kile kipande cha njano.

"Unajuaje hii kazi?" Agnès aliuliza.

"Ku Butembo kuna baridi kuliko hapa," alisema Mama Séphora. "Foyer ya parokia, shule ya bamama, ilitufundisha kushona bulangeti za vipande. Kosa yako si kushona. Kosa yako ni kushikiza. Nguo tatu lazima zishikamane kwanza, ndipo mashine ipite. Na iko namna mingi ya kuzishikiza. Unachagua kufuatana na kazi yako."

"Namna gani?"

"Ya kwanza, pini za kufunga, zile za nepi. Unaziweka kila fasi, karibu karibu, upana wa kiganja. Ni haraka."

"Basi ni hiyo! Miye nataka haraka."

"Ngoja. Utashona siku moja, umalize?"

Agnès alicheka. "Siku moja? Na kazi za nyumba? Nitashona saa moja leo, saa moja kesho."

"Kila siku utaikunja, utaikunjua. Pini zinafunguka, zinadondoka. Na huyu?" Mama Séphora alionyesha Princesse, mtoto wa mwisho wa Agnès, aliyekuwa akitambaa sakafuni na kijiko kinywani. "Huyu anakula kila kitu anakuta chini."

"Anakula hata makaa," alisema Syntiche.

"Unaona. Tena pini zikikaa mu nguo wakati wa unyevu, zinashika kutu. Kutu haitoki mu kikwembe. Pini ni muzuri kwa mwenye meza kubwa, anashona na kumaliza mbio, na hana mutoto wa kutambaa."

"Na nyingine?"

"Iko gundi ya kupuliza, ya mu kopo. Ile imetengenezwa kwa nguo, haina bunga. Lakini ni bei kali, na unapuliza inje tu, fasi ya hewa, bila batoto karibu. Kwa kitambaa kiloko, sawa. Kwa bulangeti ya muntu mukubwa, miye hapana."

"Basi inabaki nini?"

Mama Séphora alinyanyua sindano ya mkono. "Uzi. Mishono mirefu ya mukono, yenye utatoa mwisho. Inachukua muda mingi mwanzoni. Lakini ikishikizwa, imeshikizwa. Unaikunja, unaitupa ku kitanda, mutoto analala juu, haisogee. Kwa weye mwenye kushona kiloko kiloko, njo namna yako."

Agnès alitazama mtoto, mashine, na rundo la nguo. "Basi uzi," alisema. "Tena sina mapenzi ya kufumua mara ya tatu."

Jumamosi walitoa viti vyote vya sebuleni. Syntiche alifagia, akapiga deki. Princesse alifungwa mgongoni kwa dada yake ili asile chochote.

"Shuka ya chini ni mupya?" aliuliza Mama Séphora.

"Ilikuwa mupya. Sasa imefuliwa na bunga."

"Afadhali. Nguo mupya inafuliwa mbele ya kushonwa. La sivyo itapunguka siku ya kufuliwa, na bulangeti yote itajikunja."

Walitandika shuka sakafuni, upande wa nyuma ukiangalia juu. Walilinyoosha na kubandika kingo zake sakafuni kwa utepe wa gundi.

"Nyoosha, lakini usivute sana," alisema Mama Séphora. "Ukivuta kama ngozi ya ngoma, siku utatoa utepe itarudi, na mikunjo itakuja."

Juu ya shuka waliweka blanketi la zamani. Walilipapasa kwa viganja, kutoka katikati kwenda pembeni, hadi likalala sawa. Mwisho waliweka vikwembe. Shuka na blanketi vilizidi vikwembe kidogo pande zote.

"Mbona hizi mbili zinazidi hivi?" Syntiche aliuliza.

"Sababu nguo ya juu inasogea kiloko wakati wa kushona," alisema jirani. "Ukikata sawasawa, pembe moja itabaki bila bulangeti. Tutakata mwisho."

Papa André alikuwa amesimama mlangoni na koti lake. "Mutaanzia wapi?" aliuliza.

"Katikati, papa. Ukianzia pembeni, mikunjo yote itakimbilia katikati, na huko haina mulango wa kutokea."

"Na mistari yenu itakuwa sawa?"

"Tutajaribu, papa."

"Kujaribu?" Mzee alivua koti. "Agnès, nipe kamba na kipande cha chaki."

Walimtazama. Alipiga magoti sakafuni taratibu, akaeleza: hivi ndivyo walivyopima reli. Mtu mmoja huku, mwingine kule, kamba katikati, ikakazwa. Syntiche alishika upande mmoja, mzee upande mwingine. Walivuta kamba kupita katikati ya kitambaa, na Mama Séphora akaweka alama ndogo za chaki.

"Mistari ya kushikiza isipite fasi mashine itapita," alisema jirani. "Mashine ikishona juu ya uzi wetu, kuutoa itakuwa taabu. Agnès, utashona wapi?"

"Pembeni ya kila muungano."

"Basi sisi tupite katikati ya vipande."

Papa André alihamisha kamba. Mstari baada ya mstari, upana wa kiganja kati ya mmoja na mwingine. Wanawake walishona. Mishono ilikuwa mirefu kama kidole. Uzi ulikuwa mweupe, kwa sababu uzi wa rangi kali ukilowa unaweza kuchafua nguo, na mweupe ulionekana vizuri juu ya vikwembe vya rangi. Mwishoni mwa kila mstari hawakufunga fundo gumu. Waliacha mkia wa uzi wa kushika siku ya kuutoa.

"Angalia hii!" alisema mzee, akiwa bado magotini. "Treni inaweza kupita."

"Baba, panda ku kiti. Magoti."

"Magoti yangu hayajakuuliza kitu."

Ndipo wakafika kwenye pembe iliyotafunwa. Agnès alikuwa ametafuta kitambaa cha kuziba shimo, hakupata kinachofaa. Mama Séphora alikuwa ameleta vipande vya njano kutoka dukani kwake. Vilikuwa vizuri, lakini vipya mno.

"Ngojeni," alisema Papa André. Alikwenda chumbani kwake, akarudi na shati la buluu lililopauka. Lilikuwa shati lake la kazi la reli. "Kata hapa, mu mugongo. Mbele imechakaa."

"Baba, hii si ulisema utazikwa nayo?"

"Nikifa sitasikia baridi. Kata."

Agnès akakata. Aliweka kitambaa cha buluu juu ya shimo, akakunja kingo zake ndani, akakishona kwa mkono. Pembeni yake yalibaki majani machache ya ile njano.

Siku zilizofuata Agnès alishona kila alipopata nafasi. Alikunja blanketi, akalikunjua. Princesse alilala juu yake mara moja, akalikojolea. Likafuliwa pembe, likaanikwa, likarudi kwenye mashine. Matabaka hayakusogea. Mashine ilipita juu ya vikwembe, na Agnès alipogeuza upande wa chini, shuka lilikuwa laini kama sakafu.

Alipomaliza, alikata kingo, akazizungushia utepe wa kitambaa. Kisha akamwita Syntiche kutoa uzi wa kushikiza. Msichana alishika mkia wa uzi, akavuta. Uzi mrefu ukatoka wote kwa mara moja.

"Eh, mama! Inatoka kama spageti!"

"Vuta polepole, usirarue."

Walilifua blanketi zima. Lilipokauka, lilikuwa zito na laini, na lilinukia jua.

Tantine Nono alikuja kwa misa ya mwaka. Waliporudi kutoka kanisani, hakusubiri hata chai.

"Iko wapi?"

Agnès alileta blanketi. Tantine Nono alilitandika mezani, akaligeuza. Alitafuta mikunjo kwa kiganja. Akashika matabaka kwa vidole, akavuta kwa nguvu. Hayakuachana. Akatafuta tena. Ilionekana kama anataka kupata kosa, na kosa halikutaka kuja.

"Nani alikufundisha?"

"Jirani. Na baba alipima mistari."

"Hm." Alianza kutazama vipande kimoja kimoja, akitaja sikukuu na misiba. Ghafla akasimama. "Na ile ya njano yenye majani? Yaya wangu, dada yangu mukubwa, aliipenda kuliko zote."

Agnès alisogeza pembe iliyotafunwa mbele yake.

"Panya aliikula," alisema Agnès. "Nilishikiza na gundi ya bunga. Ilikuwa kosa. Angalia pale, majani yenye kubaki."

Tantine Nono aliinama juu ya pembe. "Na hii ya buluu ni nini?"

"Ni shati yangu," alisema Papa André.

"Umejiweka katikati ya bikwembe bya yaya wangu?"

"Si katikati," alisema mzee. "Ni pembeni yake. Njo fasi yangu."

Tantine Nono aliinama tena. Alipitisha kidole juu ya buluu, halafu juu ya majani ya njano. Kisha akakunja blanketi vizuri, kwa mikono miwili, akamkabidhi shemeji yake.

"Agnès," alisema, sauti ikiwa chini kuliko kawaida, "nimebakiza bikwembe bingine ku nyumba. Utakuja unionyeshe ile namna ya uzi. Si ya bunga."

"Si ya bunga, tantine."

Asubuhi iliyofuata baridi ilikuwa kali kuliko siku zote. Agnès alitoka nje kuwasha moto. Mbabula ilikuwa mahali pake, penye majivu ya jana, hakuna aliyeigusa. Aliweka makaa, akapuliza, akateleka maji.

Chai ilipokuwa tayari, aliita. "Baba! Kuya kuota moto!"

Hakuna jibu. Agnès alishtuka kidogo. Alikwenda haraka na kufungua mlango wa chumba.

Papa André alikuwa amelala ubavu, blanketi limefika masikioni. Kofia ilikuwa imetundikwa msumarini, koti pia. Pembe ya buluu ilikuwa chini ya shavu lake. Alifungua jicho moja.

"Funga mulango, unaingiza baridi," alisema. "Na chai, muilete huku."